Mdogo Wangu Alikuja na Ulinzi

Mdogo wangu ni mwimbaji. Kwa miaka mingi ilikuwa vigumu kwenda harusini Morogoro usisikie sauti yake ikitoka kwenye spika, na mimi nilizoea kukaa katikati ya wageni nisiowajua, wakimsifu au wakimsengenya, bila wao kujua kwamba mwanamke waliyekaa naye meza moja ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto. Nilikuwa nikicheka kimoyomoyo. Siku hizi wimbo wake ukipigwa mahali, natafuta sababu ya kutoka nje.

Tulizaliwa Kilakala, nyumba ileile ninayokaa mpaka leo. Baba alifariki tukiwa wadogo. Mama alikuwa Mluguru wa milimani, juu ya Kinole, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mtu aliyesimama mahali pa baba yetu alikuwa mjomba, kaka yake mama. Kila shule zilipofungwa tulipanda kwake. Nyumba yake ilikuwa ubavuni mwa mlima, migomba imeishika kila upande, na mbele yake shamba la iliki lililoteremka mpaka mtoni. Mdogo wangu alikuwa akichuma iliki huku akiimba, na mjomba alikuwa akisimamisha jembe kumsikiliza. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema tu, kwa ile lafudhi ya kwao inayovuta mwisho wa neno, "Huyu atasikika mbali." Akaendelea kulima.

Akasikika mbali kweli. Alihamia Dar es Salaam, akapata jina, akaanza kuonekana kwenye televisheni. Lakini kila Mfungo Mosi alikuja kusherehekea Idi nyumbani, akatembea kwa miguu mpaka sokoni, akabishana bei ya nyanya kama mtu yeyote. Watu walimpigia kelele, akawapungia mkono, yakaisha.

Yaliyobadilisha mambo yalianza na maneno machache redioni. Kulikuwa na habari za watu kuuawa kwa mabomu katika nchi za jirani, na mtangazaji alimuuliza yeye kama Mwislamu na kama msanii anaonaje. Wengine katika nafasi yake wangesema wanasikitika na kuombea amani. Yeye alisema wanaoua hivyo wanalitumia jina la Mungu kama mwizi anavyotumia giza, na kwamba vijana wanaodanganywa kujiunga nao warudi kwa mama zao. Kipande hicho kilikatwa na kusambazwa kwenye simu za watu. Baada ya muda akaanza kupokea ujumbe kutoka namba asizozijua. Mwanzoni yalikuwa matusi. Kisha wakamwandikia rangi ya geti lake na saa anazotoka mazoezini.

Alikwenda polisi, na polisi hawakulichukulia jambo hilo kama mzaha. Walimpa askari wa kumfuata, wakamkataza kuingia kwenye mkusanyiko wowote ambao wao hawajaukagua. Habari hiyo nayo ikatoka, sijui kwa mdomo wa nani.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu inakaa barazani kwa duka lililo mkabala na nyumba yangu, ng'ambo ya barabara, duka la mzee wa Kihindi ambaye familia yake imeuza unga na mafuta ya taa hapo tangu kabla sijazaliwa. Baraza lile ndilo lililonifundisha watu wanavyomfikiria mdogo wangu. Vijana wa bodaboda waliegesha pikipiki zao pale na kuongea kama vile mimi sipo.

"Hiyo ni kiki tu, bana, anatafuta kuongelewa," mmoja alisema. "Gaidi gani aache mabalozi na mawaziri amtafute mwimba harusi?"

"Anataka msafara na yeye," mwenzake akajibu. "Mimi pikipiki yangu iliibiwa nikaambiwa kituo hakina gari. Yeye wamepata gari la kumfuata saluni!"

Hilo la pili liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Redioni nako walifungua simu, wasikilizaji wakaulizwa kama wasanii wanastahili kulindwa na serikali. Wengi walipinga. Mwanamke mmoja aliyepiga simu alisema yeye hapingi alindwe, ila alindwe mbali na watu, maana bomu likimtafuta yeye litaua waliokaa karibu naye. Sauti ya mwanamke huyo haikuwa na chuki hata kidogo. Alikuwa anaogopa tu. Nilisimamisha cherehani, na mzee mwenye duka, aliyekuwa akipima sukari, akaniambia, "Mwanangu, usiwasikilize. Mlindeni. Watu wakishamzika mtu ndiyo husema alistahili kulindwa."

Wakati huo binti yangu alikuwa amechumbiwa. Shughuli ilikuwa ifanyike nyumbani, turubai uani, pilau mchana, na mama yake mdogo aimbe. Hilo binti yangu alilitaka tangu akiwa darasa la kwanza. Nilipompigia mdogo wangu kumweleza, alisema, "Nitakuja, dada. Lakini sitakuja peke yangu. Utanivumilia?"

"Njoo na yeyote unayemtaka," nikamjibu. Sikujua nimekubali nini.

Asubuhi ya harusi, kabla wageni hawajafika, lilikuja gari la polisi. Aliyewaongoza askari alikuwa mkaguzi wa polisi, mwanamke mdogo kwa umri kuliko mimi, mpole, aliyeniamkia shikamoo na kuvua viatu mlangoni. Alinieleza kwamba watakagua uwanja mzima, wageni wote watapita mlango mmoja, na kila mzigo utafunguliwa. Nilikubali. Kisha wakamteremsha mbwa.

Mbwa yule alikuwa na adabu kuliko watu wengi. Alinusa viti, akanusa spika, akanusa chini ya meza ya maharusi. Halafu akaenda jikoni uani, mahali masufuria ya pilau yalipokuwa yamefunikwa juu ya mkaa, na akanusa hapo pia. Mpishi wetu alipiga ukelele. Nilikimbia. Mpishi aliniapia kwamba pua ya mbwa haikugusa kitu, mifuniko haikuwa imefunuliwa, na mimi nilimwamini. Lakini wanawake waliokuwa wakichambua kachumbari walikuwa wameona mbwa jikoni, na habari haikupita kwenye ule mlango mmoja wa polisi. Ilipofika kwa upande wa bwana harusi, mbwa alikuwa amelamba sufuria.

Wakwe zangu ni watu wa heshima. Hawakugombana. Walikuja, wakakaa, na chakula kilipoandaliwa wakasema wameshiba, wamekula nyumbani. Sinia moja baada ya jingine lilirudi jikoni kama lilivyotoka. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha maharusi, hina mpaka viwikoni, anaangalia masinia yakipita.

Lakini kabla ya chakula kulikuwa na lile lililokuwa kubwa zaidi. Mjomba alishuka.

Alikuwa mzee sana sasa, na safari ya kutoka milimani ilikuwa imemchosha. Alikuja na kanzu yake nyeupe na koti juu yake, kikapu mkononi. Bila yeye shughuli ile kwetu haikuwa na kichwa. Yeye ndiye angeweka mkono juu ya bi harusi na kumtamkia maneno ya ukoo, kama alivyonifanyia mimi. Mimi nilikuwa ndani nikimvalisha mwanangu, kwa hiyo yaliyotokea mlangoni nilisimuliwa na mzee mwenye duka, aliyeyaona yote kutoka ng'ambo.

Askari kijana alimwomba mjomba afungue kikapu. Akafungua. Ndani mlikuwa na ndizi, mfuko wa iliki, dumu dogo la asali na panga fupi alilotumia kukatia vikonyo vya ndizi, ambalo maisha yake yote hakuwahi kutembea bila kulibeba. Askari akachukua panga. Akafungua dumu la asali, akachomeka kijiti, akakitazama kijiti. Kisha akamwambia mjomba anyanyue mikono.

"Ninyanyue mikono kwenye nyumba ya marehemu dada yangu?" mjomba aliuliza.

"Mzee, ni kwa watu wote," askari akasema. "Hata mimi nisingependa."

Mjomba hakufoka. Alifunika dumu lake, akarudisha ndizi kikapuni, akavuka barabara na kwenda kukaa kwenye benchi la barazani, pembeni ya cherehani yangu. Mzee mwenye duka akamletea chai. Niliposikia nilitoka mbio, nikampigia magoti pale barazani mbele ya watu wote.

"Mjomba, ingia. Nakuomba. Nitaongea nao."

"Sina hasira na wewe, mwanangu," alisema. "Nimekuja kumpa mtoto baraka. Mtu aliyenyanyua mikono kama mwizi, baraka anaitolea wapi? Mlete mtoto hapa, nitamwombea hapa."

Nilirudi kumwomba mkaguzi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mzee anaweza kuingia bila kupekuliwa, yeye mwenyewe atabeba lawama. Nilivuka tena barabara nikiwa na furaha, lakini mjomba alitikisa kichwa. Kuingia kwa kuhurumiwa na askari hakukumpendeza zaidi. Na bi harusi kumtoa nje kabla ya wakati wake, mbele ya umati uliokuwa umeanza kujaa kumsubiri staa, wakwe hawakukubali. Nikabaki nimesimama barabarani.

Ndipo gari la mdogo wangu likafika, vioo vyeusi, likaingia moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma. Umati ukapiga kelele. Wengine walimshangilia, wengine walipiga miluzi ya dharau, na kijana mmoja akapaza sauti, "Kaeni mbali, litalipuka!" Watu wakacheka. Kisha nikaona kitu ambacho sikukitarajia: baadhi ya waliocheka walirudi nyuma hatua chache, na mama mmoja akamweka mwanawe mgongoni akaondoka kabisa.

Mdogo wangu aliingia chumbani kwa bi harusi, wakakumbatiana muda mrefu. Jambo la kwanza alilouliza lilikuwa, "Mjomba yuko wapi?"

Nilimwonyesha dirishani. Mjomba alikuwa pale ng'ambo, kikapu magotini, kikombe mkononi, anatazama nyumba yetu. Mtu angeweza kumwita kwa sauti ya kawaida na akasikia.

"Naenda kumwamkia," mdogo wangu akasema, akajifunga mtandio.

Mkaguzi alisimama mlangoni. "Dada, barabarani hapana. Umati ule hatujaukagua."

"Ni mjomba wangu. Amenilea."

"Najua. Nisamehe. Lakini kukitokea kitu pale, ndugu zako watakuwa wa kwanza kuniuliza nilikuwa wapi." Akanigeukia mimi kama anayetafuta msaada. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka. "Si kweli, mama?"

Ilikuwa kweli. Mdogo wangu alikaa kitandani, akafunika uso kwa mikono. Baadaye simu ya mkaguzi ikalia, akaongea kwa kifupi, akasema umati umekuwa mkubwa kuliko walivyotazamia na itabidi waondoke mapema. Hakuimba. Alimbusu mwanangu, akaniachia vitenge alivyomletea mjomba, akatolewa mlango wa nyuma. Gari lilipopita mbele ya duka kioo kilikuwa juu, na vioo vile mtu wa nje haoni ndani. Mjomba aliona gari tu likipita.

"Ni yeye?" alimuuliza mzee mwenye duka.

"Ni yeye."

"Hata kusimama?"

Mzee mwenye duka alijaribu kumweleza. Mimi pia nilijaribu jioni ile, na nilipanda milimani baadaye mara nyingi kuendelea kujaribu. Mjomba alinipokea vizuri kila safari. Alichukua vitenge, akawagawia wajukuu. Lakini nilipolitaja jina la mdogo wangu alisema, "Yule sasa ni wa serikali. Serikali ikimaliza naye, ataturudia." Hakulisema kwa ubaya. Nadhani aliamini hivyo, na alikuwa anasubiri.

Mdogo wangu alitaka kupanda kumwona. Polisi wakamwambia barabara ya kule ni moja, ya kwenda na kurudi, yenye miti pande zote, na gari likizuiwa mahali hakuna pa kupita. Alitaka kumpigia simu, lakini mjomba hakuwa na simu, na alipowekewa ya mjukuu sikioni alisema hasalimiani na mtu asiyemwona uso. Miezi ikapita hivyo. Wakati mwingine nilimkasirikia mjomba, wakati mwingine polisi, wakati mwingine wale waliotuma ule ujumbe, ambao sikuwajua hata sura. Mtu usiyemjua huwezi kumkasirikia kwa muda mrefu. Hasira inarudi kwa walio karibu.

Mjomba alifariki msimu wa mvua za masika, asubuhi, akiwa amekaa barazani kwake. Wangemzika alasiri. Nilimpigia mdogo wangu nikiwa tayari kwenye gari la kupanda. Alilia, kisha akasema askari wanaomlinda wanahitaji muda wa kutuma watu kukagua, na muda haupo. Nilimwambia asijilaumu. Nilimwambia mjomba anajua. Yalikuwa maneno tu.

Msibani wanawake tulikaa ndani na kwenye mikeka barazani, mvua ikinyesha juu ya migomba. Wageni walizidi kuingia, wengi nisiowafahamu, wa vijiji vya ng'ambo ya mto. Akaja mwanamke mmoja amevaa baibui na nikabu, viatu vimejaa tope, akatoa salamu kwa sauti ya chini na kujipenyeza mpaka akakaa ubavuni mwangu. Nikasogea kumpa nafasi.

"Dada," akanong'ona. "Ni mimi. Usigeuke."

Alikuwa amekodi gari la kawaida, hakumwambia askari wake hata mmoja, na sehemu ya mwisho, gari lilipokwama, alipanda kwa miguu. Nilimshika mkono chini ya khanga. Nilitaka kufurahi, lakini nilianza kuogopa. Nilimtazama kila mtu aliyeingia uani. Kijana aliyebeba mkoba, alibeba nini? Yule mwanamume asiyeketi, anasubiri nini? Wale walikuwa watu wa msiba, wenye miavuli na mifuko ya mchele, na mimi nilikuwa nikiwapekua kwa macho mmoja baada ya mwingine. Nilimkumbuka yule mkaguzi na uso wake wa uchovu, na nikatamani awepo.

Mbele yetu alikaa binamu yetu, mwanamke wa makamo aliyemuuguza mjomba mpaka mwisho. Akanigeukia.

"Na yule mwimbaji wenu? Hata leo hakuja?" Alisema kwa sauti ya kusikika, wenzake wakageuka kunitazama. "Mzee kila gari likiunguruma bondeni alikuwa anauliza kama ni yeye. Au huku kwetu hakuna kamera?"

Nilifungua mdomo. Mdogo wangu alinibana mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikaniumiza. Nikafunga mdomo.

"Mwache," mwanamke mwingine akasema. "Watu wakubwa hawazikani na sisi."

Nilimsikia mdogo wangu akivuta pumzi ndani ya nikabu. Wanaume walipoinua jeneza na sauti zao zikaanza kuteremka kuelekea makaburini, aliinuka pamoja nasi wote, akalia kama wanawake wote walivyolia, na hakuna aliyemtofautisha. Sauti ambayo nchi nzima iliijua ilipotelea humo katikati ya nyingine.

Aliondoka kabla wanaume hawajarudi. Nilimsindikiza mpaka mahali njia inapokunja chini ya migomba, ambapo kaburi linaonekana kwa mbali. Alisimama hapo akitazama migongo ya waliokuwa wakifukia.

"Niwaambie ulikuja?" nilimuuliza. "Angalau binamu."

"Ukiwaambia, kesho itakuwa kwenye simu za watu wote kwamba natembea bila askari." Aliinua nikabu kidogo akajifuta pua. "Waache tu, dada."

"Alikuwa anauliza kila gari."

"Nimesikia," akasema. Akaanza kuteremka, mkono mmoja akishika mashina ya migomba asiteleze.

Baada ya mwaka mmoja hivi polisi walimwondolea ulinzi. Ujumbe ulikuwa umekoma, hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyemweleza lolote la maana. Hakukutokea kitu. Na kwa kuwa hakukutokea kitu, barazani walisema waliona tangu mwanzo kwamba ilikuwa kiki. Mimi sijui. Huenda hakukuwa na mtu yeyote nyuma ya zile namba. Huenda alikuwepo, akaja mpaka karibu na geti, akaona askari, akageuka. Jibu hilo hatutalipata, na lolote lingekuwa, mjomba angekuwa amekufa vilevile.

Mdogo wangu haimbi tena hadharani. Anasema sauti imechoka. Nyumba yake ya Dar es Salaam ina ukuta mrefu alioujenga wakati ule, na hajaubomoa. Mwaka jana nilimwambia sasa hakuna hatari, naweza kupanda kwa binamu na kumweleza ukweli. Alifikiri, kisha akasema watu watadhani tumetunga. Nadhani yuko sahihi. Kule milimani bado wanasema mtoto aliyependwa kuliko wote hakuja kumzika mjomba wake. Nikienda kuzuru kaburi nawasikia, na binamu hunikaribisha chai, nami huinywa bila kusema kitu.